Barafu ya Kilimanjaro ina ramani, vihamba vya Uru je?

Mei 11, 1848 mmisionari Johannes Rebmann aliona theluji ya Kilimanjaro. Kule London, mwanajiografia William Desborough Cooley alishikilia kwamba theluji karibu na ikweta haiwezekani. Mwaka 1856 ikachapishwa ramani ya Rebmann na mwenzake Jakob Erhardt, waliyoichora wakiwa pwani kwa kuwauliza watu wa misafara. Maziwa makuu yameungana humo yakawa ziwa moja kubwa mno. Walikosea, ila naiheshimu: ilitoka vinywani mwa watu waliozitembea njia hizo.

Ramani iliyogeuka hazina ni ya Fritz Klute, aliyeupima mlima kwa picha mwaka 1912. Kwa sababu yake tunajua barafu ilienea takriban kilomita za mraba 12. Kufikia 2007 zilibaki pungufu ya 2. Barafu ina atlasi yake ya historia.

Watu wanaoishi chini yake hawana. Kathleen Stahl aliwahoji wazee, akatoa mwaka 1964 historia ya Wachaga, umangi kwa umangi (yaani utawala wa mangi mmoja mmoja, chifu wa Kichaga), Uru ikiwamo. Lakini atlasi za historia ya Afrika, ya Fage ya 1958 na ya Ajayi na Crowder ya 1985, zinabeba bara zima. Uru, iliyobanwa kati ya Kibosho na Old Moshi, ingepata wapi nafasi?

Ramani yake ya zamani iko shambani. Mpaka wa kihamba, shamba la ukoo la Mchaga, ni mimea iitwayo masale, na masale hayafi kirahisi: kata shina, lichomeke ardhini, litachipua. Aliyeyapanda anazikwa humohumo kihambani, mpaka wake ukabaki umesimama kwa wajukuu. Kisha kuna mifongo, yaani mifereji ya maji. Maji huchepushwa mtoni huko juu, yakashushwa ubavuni mwa kilima kwa mteremko mdogo, yakagawanywa kwa zamu. Anayejua ukoo upi ulichimba mfongo upi, na upi ulikaribishwa baadaye, anajua nani alitangulia kukaa wapi. Hakuna mpima ardhi aliyeweza kuliona hilo kwa darubini.

Siku hizi vihamba vinakatwa vipande kwa warithi, na penye masale panajengwa ukuta wa matofali. Kazi ya kuihifadhi ramani hiyo haingoji mtaalamu kutoka mbali. Kijana mwenye simu inayosoma majiranukta ya mahali aongozane na mzee, waanzie kwenye banio la mfongo, waandike jina la mfongo, ukoo uliouchimba na vihamba unavyovinywesha, wateremke nao mpaka unapoishia.