Nani Amfundishe Askari Wetu?

Ndugu msikilizaji, ukipanda basi Mwenge kuelekea Tegeta utapita kambi ya Lugalo, kandokando ya Barabara ya Bagamoyo. Wakazi wengi wa Kinondoni wanaifahamu kwa hospitali yake. Mwaka 1964 kambi hiyo iliitwa Colito, jina la mahali huko Ethiopia ambako askari wa KAR walipigana mwaka 1941 kwa niaba ya Mwingereza. Nchi ilikwisha kuwa huru, lakini kambi ilibeba jina la vita vya mtu mwingine, na maofisa wakubwa walikuwa bado Waingereza.

Januari 20, 1964 askari wa Colito waliasi. Walitaka mishahara iongezwe na Waingereza waondoke. Siku tano baadaye maasi hayo yalizimwa na makomando wa Kiingereza waliotoka kwenye manowari iitwayo Centaur, tena kwa ombi la serikali yetu wenyewe. Mwalimu Nyerere hakuficha kwamba hiyo ilikuwa fedheha. Mwezi uliofuata mawaziri wa OAU walikutana hapa Dar es Salaam, na baadaye askari wa Nigeria wakaja kushika zamu mpaka JWTZ ilipoundwa Septemba mwaka huo huo.

Hapo ndipo ugomvi wa wakubwa ulipotuingilia mlangoni. Jeshi jipya lilihitaji walimu, na kila mwalimu alikuwa na kambi yake duniani. Ujerumani Magharibi ilikubali kutufundishia marubani. Wachina nao walileta wakufunzi wachache, na nchi za Magharibi zikapiga kelele kana kwamba jeshi zima limehamia Peking. Wakati huo Zanzibar, baada ya Mapinduzi, ilikuwa imekwisha kuitambua Ujerumani Mashariki, na Bonn ilikuwa na msimamo mmoja tu: anayemtambua mwenzetu wa Mashariki hatufai.

Baada ya Muungano, Mwalimu alitafuta njia ya katikati. Wajerumani wa Mashariki wasiwe na ubalozi kamili, wawe na ubalozi mdogo hapa Dar es Salaam. Bonn haikuridhika. Februari 1965 iliwaondoa wakufunzi wake wa kijeshi. Mwalimu akawaambia kama ni hivyo, basi wachukue na msaada wao mwingine wote. Marubani wetu wakaendelea kufundishwa na Wakanada, hadi mwaka 1970.

Wapo wanaosema ule ulikuwa ukaidi uliotugharimu. Gharama ilikuwepo, sikatai. Lakini mtu anayeweza kukuondolea walimu wa jeshi kwa sababu ya kibao cha ubalozi, huwezi kumkabidhi ulinzi wa nyumba yako. Na tusijidanganye kwamba wa Mashariki walikuwa malaika.

Tazama Uganda. Idi Amin alifunzwa na Waingereza katika KAR ile ile, na alipotwaa madaraka mwaka 1971 London haikukawia kumtambua. Alipogombana nao aligeukia Libya na Urusi, naye akapewa ndege za MiG na vifaru. Oktoba 1978 majeshi yake yaliingia Kagera. Sisi tulijibu kwa silaha za Kichina na za Kirusi, zikiwemo roketi za BM-21, zile ambazo Waganda waliziita saba saba. Msikilizaji, majeshi mawili ya jirani yalipigana kwa silaha za fundi mmoja, na fundi mwenyewe yuko mbali anatazama.

Kampala ilianguka Aprili 11, 1979. Gharama za vita tuliachiwa wenyewe, karibu zote. Mwalimu alituomba tufunge mkanda kwa miezi 18, na wale tuliopanga foleni za sukari, sabuni na unga wa sembe kwenye maduka ya Temeke na Magomeni tunakumbuka kwamba miezi hiyo 18 ilipita, ikaja mingine, na foleni zilikuwa bado zipo mwaka 1983.