Msondo Haumo Kwenye Orodha: Historia Fupi ya Lebo za Nyimbo Zako

Hebu fungua folda ya muziki kwenye kompyuta yako. Angalia vizuri. Bila shaka utakutana na "Track 01", halafu "Track 01 (2)", halafu faili la WhatsApp lenye tarakimu tupu, na wimbo mmoja ambao sehemu ya jina la mwimbaji imeandikwa jina la tovuti ulikoupakua. Unaujua ukiusikia. Lakini ukiulizwa nani alitunga, nani anapiga solo, ni mwaka gani, unabaki unakuna kichwa.

Usijilaumu sana. Sehemu ya tatizo hili ilizaliwa 1996, mbali sana na hapa, kwenye nafasi ya baiti 128. Na kama unapenda muziki wa dansi wa Tanzania, tatizo lenyewe linakuhusu zaidi kuliko unavyodhani.

Tuanzie Mnazi Mmoja. Simama kwenye viwanja, una mjini upande mmoja na Kariakoo upande wa pili. Hapo hapo upo ukumbi wa Arnautoglu, ambao watu wa mji huu waliufahamu kwa dansi tangu kabla ya Uhuru. Ukiingia Kariakoo kuna DDC, ambako Mlimani Park, yaani Sikinde, ilipiga kwa miaka mingi. Wakati huo maktaba ya muziki ilikuwa vichwani mwa watu. Ulijua nani yuko bendi gani kwa sababu ulimwona jukwaani.

Kurekodi kulifanyika Radio Tanzania Dar es Salaam, RTD. Bendi ilikwenda studio, wimbo ukaingia kwenye kanda, na maelezo yake yakaandikwa kwenye boksi la kanda hiyo. Santuri za bendi zetu zilichapwa Nairobi, na lebo ya katikati ya santuri ikabeba majina. Ila wengi wetu tumerithi nyimbo hizi kwa njia ya tatu: mzee nyumbani aliweka kaseti kwenye redio, akasubiri wimbo, akabonyeza. Hapo sauti ya mtangazaji ndiyo ilikuwa lebo. Akichelewa kubonyeza, jina la wimbo limeshapita.

Sasa ikaja MP3. Jina hilo la faili lilichaguliwa Julai 1995 na watafiti wa taasisi ya Fraunhofer, Ujerumani. Kazi ya MP3 ni kutupa zile sauti ambazo sikio la binadamu haliwezi kuzitambua kirahisi, kwa mfano mlio mdogo unaofunikwa na mlio mkubwa. Wimbo wa dakika nne uliokuwa unakula kama megabaiti 40 kwenye CD unashuka hadi kama 4. CD iliyobeba nyimbo 20 ikaweza kubeba zaidi ya 150. Kwa wauza muziki wa Kariakoo hiyo ilikuwa biashara mpya kabisa: kwanza CD ya kuchoma, baadaye flashi, halafu memori kadi ya simu. Unakaa kwenye benchi, kijana wa kompyuta anakuuliza "Nikuwekee zipi?", unasema "zilipendwa", na baada ya dakika chache una mamia ya nyimbo mfukoni.

Ila MP3 ilikuja na upungufu mmoja: faili lilikuwa na sauti tu, halina mahali pa kuandika wimbo ni wa nani. Mwaka 1996 mwandishi wa programu aitwaye Eric Kemp akapata suluhisho rahisi. Akabandika mkia wa baiti 128 mwishoni mwa faili, ukaitwa ID3. Baiti tatu za mwanzo ni alama ya kuutambua mkia. Kisha herufi 30 za jina la wimbo, 30 za msanii, 30 za albamu, 4 za mwaka, 30 za maelezo, na baiti moja ya mwisho ya aina ya muziki. Piga hesabu: 128 kamili.

Tuupime mkia huo kwa muziki wetu. Mbaraka Mwinshehe, baada ya kutoka Morogoro Jazz, alianzisha Super Volcano mwaka 1973. Andika "Mbaraka Mwinshehe na Orchestra Super Volcano". Hesabu herufi pamoja na nafasi. Ya thelathini inaishia kwenye neno "Orchestra". Volcano yote imekatwa nje!

Sasa twende kwenye ile baiti ya mwisho. Aina ya muziki haikuandikwa kwa maneno bali kwa namba, kutoka orodha iliyopangwa tayari yenye aina 80. Namba 8 ni Jazz. Namba 3 ni Dance. Polka imo, ni namba 75. Taarabu haimo. Mchiriku haumo. Muziki wa dansi haumo. Programu ya Winamp, iliyotoka 1997, ilikuja kurefusha orodha, wakaingia samba na merengue, lakini sisi tukabaki nje. Kwa bahati ilikuwepo namba 48, "Ethnic", kapu la watu wote ambao mwenye orodha hakuwafahamu.

Basi kijana anayepanga nyimbo akikutana na NUTA Jazz atabonyeza nini? Atabonyeza Jazz, jina si linasema hivyo? Kumbe tangu Dar es Salaam Jazz Band ya 1932, neno hilo kwetu lilimaanisha bendi ya kisasa ya dansi. Muziki wenyewe uliegemea zaidi rumba ya Kikyuba na ngoma za hapa hapa. Na "Dance" ya kwenye orodha ni muziki wa disko, wala siyo dansi ya DDC.

Cha kusikitisha ni kwamba sisi tulikuwa na mfumo wetu wa kupanga, tena mzuri: mtindo. Kila bendi kubwa ilikuwa na mtindo wake wenye jina. NUTA walikuwa na Msondo, Western Jazz Saboso, Mlimani Park Sikinde, Orchestra Safari Sound Ndekule. Mtindo ulikutajia bendi, mapigo na mara nyingi hata zama. Orodha ya namba 80 haikuwa na pa kuuweka.

Tena kuna suala la majina. NUTA Jazz ya 1964 ilikuwa bendi ya chama cha wafanyakazi. Chama kikawa JUWATA, bendi ikawa JUWATA Jazz. Kikawa OTTU, bendi ikawa OTTU Jazz. Leo ni Msondo Ngoma. Kwa kompyuta yako hizo ni bendi nne zisizojuana. Au chukua Muhidin Gurumo, aliyeimba NUTA, Mlimani Park na Safari Sound. Utamkuta kama Muhidin, Muhiddin, Maalim au Gurumo, na mara nyingi hatajwi kabisa kwa sababu mkia ule una nafasi ya jina moja tu, na limeshachukuliwa na bendi. Mtunzi hana hata herufi moja.

Hapa ndipo suala linapoacha kuwa la unadhifu wa folda. Sheria yetu ya Hakimiliki ya 1999 inamtambua mtunzi, lakini haki haimfikii mtu ambaye jina lake limefutika. Kila nakala iliyopita kwenye kompyuta bila jina ilimsogeza mtunzi hatua moja mbali na wimbo wake.

Habari njema ni kwamba dawa ipo, na ni ya bure. ID3 toleo la pili, la 1998, liliondoa ukomo wa herufi 30, likaweka nafasi ya mtunzi, na likakuruhusu kuandika aina ya muziki kwa maneno yako mwenyewe. Programu kama Mp3tag na foobar2000 zinakuwezesha hata kuongeza vipengele vyako. Kwenye aina ya muziki andika "Dansi". Ongeza kipengele "Mtindo", andika "Msondo". Acha jina la bendi kama lilivyokuwa siku ya kurekodi, kisha ongeza kipengele kingine cha "Ukoo", na NUTA, JUWATA, OTTU na Msondo Ngoma zote zipe neno moja. Hifadhidata ya MusicBrainz inafanya jambo la aina hiyo: mtu anapewa namba isiyobadilika, na tahajia zote za jina lake zinaning'inia hapo.

Lakini programu haijui nani alipiga solo. Mzee wako anajua. Gurumo alifariki 2014, na waliokuwa wakimwona jukwaani wanazidi kupungua. Kwa hiyo wikiendi hii usianze na nyimbo elfu moja. Chukua kumi, kaa na baba, mama au babu, cheza mmoja mmoja, uliza, andika. Atakachokwambia kitaingia kwenye faili lenyewe, na kitasafiri nalo kila linakonakiliwa, hata pale kwenye benchi la Kariakoo.