Volkano ya Nyiragongo: nani anapima, nani anaamua?

Watu wengi wanafikiri watafiti njo wanatoa amri ya kuhama. Hapana. Wao wanapima na kusema wanachoona. Kuamua ni kazi ya serikali. Mwaka 2021 ulionyesha ugumu wa kazi hii.

Kituo kilitoka wapi

Mwaka 1947, wakati wa Wabelgiji, taasisi ya utafiti IRSAC ilianzishwa, makao yake yakajengwa Lwiro, mu teritware ya Kabare. Leo inaitwa CRSN. Kituo cha kuchunguza volkano cha Goma, OVG, kilizaliwa kutoka kwake mwaka 1986.

Watafiti wenyewe kwa wenyewe

OVG inasaidiana na watafiti wa jumba la Tervuren, Ubelgiji, na wa Luxembourg. Vyombo vinavyosikia mitetemeko vinatuma vipimo kwa intaneti, basi Goma na Ulaya wanasoma kitu kimoja. Lakini intaneti inalipwa. Msaada wa Banki ya Dunia ulipokwisha mwaka 2020, kituo kikakaa miezi mingi bila vipimo vya vyombo vya mbali. Wafanyakazi nao walilalamika juu ya mishahara.

Tarehe 22 mwezi wa tano 2021, mangaribi, Nyiragongo ikalipuka. Watu zaidi ya 30 wakafa. Je, feza ingezuia vifo? Tusiseme hivyo haraka: utafiti uliotoka mwaka 2022 mu gazeti la Nature ulionyesha dalili za wazi zilitangulia kwa chini ya saa moja tu.

Serikali na wanainchi

Mitetemeko iliendelea. Watafiti wakasema moto wa chini umefika mpaka chini ya mji na ziwa. Tarehe 27, gavana wa kijeshi Constant Ndima akaamuru mitaa 10 kati ya 18 ya Goma ihame. Maelfu na maelfu wakakimbilia Sake, Rwanda, wengine kwa mashua mpaka huku Bukavu.

Mlipuko wa pili haukutokea. Je, watafiti walidanganya? Hapana. Walisema hatari iko, na hatari si hakika. Lakini mama aliyelala inje na watoto anahesabu vingine, na kesho atasita kukimbia. Imani hiyo inajengwa wakati mlima umetulia.

Ukisikia habari ya volkano, uliza:

– Rangi ya leo ni gani: kijani, njano, ya machungwa ao nyekundu?
– Habari imetoka OVG, ao ni ya WhatsApp tu?
– Serikali imeamua nini, na inalipa nani ili apime?