Warnemünde: Matembezi ya Nchi Kavu kwa Abiria Anayejitegemea

Warnemünde ni bandari ya kaskazini-mashariki ya Ujerumani, katika pwani ya Bahari ya Baltiki, mahali ambapo mto Warnow humwaga maji yake baharini. Ni mtaa wa mji wa Rostock, ambao ulikinunua kijiji hicho kwa mtawala wa Mecklenburg mwaka 1323 ili mlango wa kuingilia na kutokea merikebu zake usiwe chini ya amri ya mtu mwingine. Kwa karne nyingi palikaa wavuvi na marubani wa meli. Katika karne ya 19 pakawa mahali pa watu kuja kuoga na kupunga upepo. Na tangu kujengwa jengo la abiria la mwaka 2005 pamekuwa miongoni mwa bandari za Ujerumani zinazofikiwa sana na zile meli kubwa za matembezi ambazo hushusha watu asubuhi na kuwapakia tena jioni. Makala haya yanamhusu abiria asiyependa kuchukuliwa katika gari la wakala wa meli, bali ataka kushuka kwa hiari yake, kushika njia yake na kurejea kwa wakati. Na yanahusu zaidi maandalio ya kufanywa kabla ya safari, kwa kuwa gatini, maelfu ya watu wanaposhuka kwa pamoja, wasaa wa kutafakari huwa umekwisha.

Fadhila kubwa ya bandari hii ni ukaribu wa reli. Stesheni ya Warnemünde iliwekwa mahali ilipo sasa mwaka 1903, wakati ulipoanza uchukuzi wa treni juu ya pantoni kwenda Gedser ya Denmark, uchukuzi uliodumu mpaka 1995. Na kwa sababu hiyo reli ilikwisha kuletwa ukingoni mwa maji kabla meli za matembezi hazijafikiriwa. Abiria atokaye gatini huifikia stesheni kwa miguu katika dakika chache, na treni ya mjini humfikisha stesheni kuu ya Rostock kwa muda wa kama dakika 20. Walakini si kila meli hufunga gati hapo: zipo zinazopangiwa bandari ya mizigo iliyo ng'ambo ya mto, mbali na stesheni hii, na mwenye kuisahau tafauti hiyo huweza kupoteza saa nzima kabla hajaona kitu. Kwa hiyo swali la kwanza la kumwuliza wakala si la wapi pazuri pa kwenda, bali ni la gati gani meli itafunga.

Msingi wa mpango wote ni saa, nazo huhesabiwa kutoka mwisho kwenda mwanzo. Abiria na aanze na wakati ambao watu wote hutakiwa wawe wamekwisha panda, ambao si ule wa meli kuondoka ulioandikwa katika ratiba, bali aghalabu huutangulia kwa nusu saa au zaidi. Kisha atoe humo saa mbili za akiba ikiwa atakwenda mbali, au moja ikiwa hatavuka mipaka ya Rostock. Apate hapo treni ya mwisho anayoweza kuitegemea. Na kutoka treni hiyo arudi nyuma hatua kwa hatua hadi asubuhi, akitoa muda wa njia, wa foleni na wa chakula. Kitakachosalia ndicho rasilimali yake halisi ya siku ile, nacho mara nyingi huwa kidogo kuliko alivyodhani. Msomaji aliyelelewa katika hesabu ya saa za Kiswahili na ajihadhari zaidi, kwa kuwa ratiba za reli za Kijerumani huhesabu saa 24 tangu usiku wa manane, na 18.30 iliyoandikwa ukutani ni saa kumi na mbili na nusu ya jioni. Kadhalika meli itokayo Finland au Estonia huwa imetoka katika nchi ambazo saa zake zimetangulia za Ujerumani kwa saa moja. Basi tangazo la nahodha juu ya saa ya kufuatwa lisikilizwe na kuandikwa, maana simu hujibadilisha yenyewe bila ya kumshauri mwenyewe.

Mintarafu Berlin, lazima lisemwe neno wazi. Makampuni ya meli huliandika jina la Berlin kando ya jina la Warnemünde hata mgeni akadhani kuwa mji mkuu uko nyuma ya mnara wa taa, ilhali upo kilometa zipatazo 230 kutoka hapo, mwendo wa kama saa tatu kwenda na nyingine tatu kurudi. Tuseme meli imefika saa moja asubuhi na itaondoka saa nne usiku: hizo ni saa 15. Ondoa nusu saa ya kushuka, nusu ya kutangulia kupanda, mbili za akiba na sita za njia. Zinabaki sita, na humo ndimo mtu ataka kuliona Lango la Brandenburg la mwaka 1791, mabaki ya ukuta uliougawa mji tangu 1961 hadi 1989, na kuba la kioo la jengo la bunge, ambalo kuliingia ni bure lakini huhitaji kuandikisha jina mapema. Fauka ya hayo, treni za masafa marefu za Ujerumani si za kutegemewa kama sifa yao ya zamani: mwaka 2024 ni 62.5 tu katika kila 100 zilizofika kwa wakati, na katika hesabu hiyo treni iliyochelewa kwa dakika chini ya sita huandikwa kuwa haikuchelewa.

Rai yetu ni kwamba Berlin ni safari ya kujitegemea, isiyofaa kubanwa katika pumzi moja ya meli. Na kwa msomaji wa Kiswahili sababu ni kubwa zaidi, kwa kuwa katika mji ule ndipo ilipofunguliwa mwaka 1887 Semina ya Lugha za Mashariki, ambako watu wa pwani yetu, akiwemo Mtoro bin Mwinyi Bakari wa Bagamoyo, waliwafundisha Wajerumani lugha hii. Na mwenye kutaka kuzifuata nyayo hizo astahili siku kadhaa za utulivu, si saa sita za kukimbizana. Ambaye hata hivyo hana budi kwenda, na amejua kuwa hatapata nafasi nyingine maishani, ni afadhali apande gari la meli yenyewe, maana likichelewa hilo, dhamana ni ya kampuni. Akichelewa yeye peke yake, hasara ni yake.

Yaliyo karibu yatosha siku, na aghalabu yaishinda. Kwanza ni Warnemünde yenyewe. Kutoka stesheni huvukwa daraja dogo hadi mkondo wa zamani wa mto, ambako mashua za wavuvi hufungwa ubavuni mwa nyumba nyembamba za kale, na samaki wa kuokwa kwa moshi huuzwa juu ya mashua zenyewe ndani ya vipande vya mkate. Katika nyumba namba 53 ya ukingo huo alikaa mchoraji wa Kinorwei Edvard Munch mwaka 1907 na 1908. Mwishoni mwa mkondo upo mnara wa taa uliojengwa katika miaka ya 1897 na 1898, wenye urefu wa karibu meta 37, ambao katika miezi ya joto watu huruhusiwa kuupanda; ubavuni mwake limesimama jengo la mwaka 1968 lenye paa la zege jembamba lililopindwa kama jani, kazi ya mhandisi Ulrich Müther. Ufuo ni mpana na mchanga wake ni mweupe, umejaa viti vya kusukwa vyenye kipaa cha kukinga upepo. Kiti cha namna hiyo alikisuka Wilhelm Bartelmann, fundi wa vikapu wa Rostock, mwaka 1882, na mwaka uliofuata mkewe akaanza kuvikodisha karibu na mahali ambapo baadaye ulijengwa mnara huu.

Rostock ni mji uliopata hati yake mwaka 1218, ukawa miongoni mwa miji ya biashara ya Shirikisho la Hansa, na chuo kikuu chake cha mwaka 1419 ndicho kikongwe kuliko vyote vya pwani ya Baltiki. Mabomu ya Aprili 1942 yaliuunguza sana, na yaliyosimama leo ni mchanganyiko wa ya kale, ya kale yaliyojengwa upya, na ya zama za Ujerumani ya Mashariki. Katika yote hayo, kitu ambacho twamsihi mgeni asikikose ni saa ya nyota iliyomo ndani ya kanisa la Mariamu, iliyoundwa na Hans Düringer mwaka 1472 na ambayo mitambo yake ya asili ingali ikifanya kazi. Haionyeshi saa tu, bali mwezi, buruji za jua na tarehe za sikukuu; na sahani yake ya kalenda iliyowekwa mwaka 2018 imeandikwa siku za mbele hadi mwaka 2150, hata yaonekana waliokiandaa chombo hiki na waliokitunza wamekubaliana, kupitia karne tano na nusu, kwamba kazi ya mtu haikomi kwa uhai wake. Saa sita kamili ya mchana masanamu ya mitume hupita mbele ya Yesu, na wa mwisho, Yuda, hufungiwa mlango. Mpango wa siku na ujengwe juu ya dakika hiyo: mwenye kuondoka Warnemünde saa nne asubuhi ana nafasi ya kutosha kufika, kukaa na kuitazama saa kabla ya mlio.

Katika hazina za zuolojia za chuo kikuu imo maiti iliyohifadhiwa ya korongo mweupe ambayo kwa Mwafrika ina haki ya kutazamwa kuliko makumbusho mengi ya dhahabu. Ndege huyo alipigwa risasi mwaka 1822 karibu na Klütz, upande wa magharibi wa Mecklenburg, na shingoni mwake ulikuwa umepenya mkuki wa Kiafrika wenye urefu wa kama sentimeta 80. Alikuwa amechomwa kwetu, akaupona mchomo, akaruka na mkuki wake juu ya jangwa na bahari mpaka akarudi Mecklenburg. Wakati ule wataalamu wa Ulaya walikuwa wangali wakibishana juu ya waendako ndege wakati wa baridi, na wapo waliosema kuwa hulala chini ya maji au matopeni. Mkuki ule ukawa ushahidi usiokanika. Abiria na aulize mapema siku na saa za kufunguliwa, kwani hazina hiyo ni ya chuo na kazi yake ya kwanza si utalii.

Kati ya Warnemünde na Rostock treni hupita Lichtenhagen, kitongoji cha majumba marefu ambako mnamo Agosti 1992 umati uliwashambulia kwa siku kadhaa waomba hifadhi na wafanyakazi wa Kivietnam, na kulitia moto jengo ambalo ndani yake walikuwamo Wavietnam zaidi ya mia moja, walioponea juu ya paa. Hapana aliyefariki. Sisi twaona kuwa mgeni aliyejua habari hii aijua nchi zaidi ya yule aliyepita akitazama simu yake.

Mwenye kupenda kutoka nje ya mji na ashike treni ya Wismar kutoka stesheni kuu, ashuke Bad Doberan baada ya dakika kama 25. Hapo lipo kanisa la watawa wa Sistersi, la matofali mekundu, lililowekwa wakfu mwaka 1368, lenye vyombo vya mbao vya zama zake ambavyo makanisa mengi ya jirani yamevipoteza. Na kutoka Bad Doberan huondoka Molli, treni ndogo ya moshi ya tangu 1886, yenye reli za upana wa milimeta 900, ambayo hupita katikati ya barabara ya mji ikipiga kengele mbele ya maduka, kisha ikashika njia ya miti hadi Heiligendamm, mahali pa kuogea palipoanzishwa mwaka 1793 na kuwa pa kwanza pa namna hiyo Ujerumani, na kumalizikia Kühlungsborn, kilometa 15.4 kutoka ilikoanza. Kwa familia yenye watoto hatujui siku bora kuliko hii. Wismar yenyewe, yenye uwanja wa soko wa meta mia kwa mia, iliyoingia chini ya Waswidi mwaka 1648, na Schwerin yenye kasri katika kisiwa cha ziwa, zafikika kila moja kwa takriban saa moja au kuzidi kidogo kutoka Rostock. Zichaguliwe na yule ambaye meli yake haiondoki mapema.

Ama tiketi, ipo ya siku kwa jimbo zima la Mecklenburg-Vorpommern, itumikayo na mtu mmoja hadi watano kwa pamoja, na kuwafaa sana wanaosafiri kwa kundi. Lakini siku za kazi huanza kutumika saa tatu asubuhi, na haikubaliwi katika treni za mwendo wa kasi. Tiketi ya mwezi ya nchi nzima, iliyoanzishwa Mei 2023, huuzwa kwa mkataba na haimfai mpita njia. Baadhi ya tiketi za karatasi lazima zigongwe muhuri katika mashine kabla ya kupanda. Faini ya asiye na tiketi halali ni euro 60, na ugeni si udhuru. Jumapili maduka mengi ya Ujerumani hufungwa, ingawa miji ya kuogea kama Warnemünde ina ruhusa zake. Wauzaji wadogo hupenda fedha taslimu.

Mwenye pasipoti ya Tanzania au Kenya hana budi kuwa na viza ya Schengen, na ikiwa meli itaingia Uingereza kisha irudi katika nchi za Schengen, viza hiyo sharti iwe ya kuingia zaidi ya mara moja. Ashukapo, achukue kadi yake ya meli, nakala ya pasipoti, na jina la wakala wa meli bandarini pamoja na namba yake ya simu, ambavyo huchapishwa katika karatasi ya ratiba ya kila siku. Akiona treni imekwama, na ampigie wakala mara moja, asingoje mpaka meli iondoke. Aliyeachwa huenda kwa wakala, ambako aghalabu hukuta pasipoti yake imekwisha shushwa na kuachwa, na kutoka hapo hujitafutia mwenyewe, kwa gharama yake, njia ya kuifuata meli katika bandari inayofuata.