Asili ya Nakshi Isiyolingana Katika Mashine Ndogo za Leza

Nakshi isiyolingana, yaani ile inayotoka nyeusi na yenye kina upande mmoja wa ubao na kufifia upande wa pili, huwasumbua wengi wanaotumia mashine ndogo za leza majumbani, na mara nyingi lawama huangukia ubao au mwendeshaji, ilhali historia ya chombo inaonyesha kwamba sehemu kubwa ya kasoro hiyo imetokana na umbo lake.

Leza ya kwanza iliwashwa tarehe 16 Mei 1960, Theodore Maiman alipotumia kipande cha yakuti nyekundu katika maabara ya kampuni ya Hughes huko Malibu, California. Iliyofaa kazi ya nakshi ilikuja mwaka 1964, wakati Kumar Patel, mzaliwa wa India aliyekuwa mtafiti wa Bell Labs nchini Marekani, alipotumia gesi ya kabonidayoksaidi na kupata mwali usioonekana kwa macho, wenye urefu wa wimbi wa takriban mikromita 10.6, ambao mbao, ngozi na akriliki huufyonza kwa urahisi mno.

Gesi hiyo hukaa ndani ya neli ndefu ya kioo inayopozwa kwa maji, chombo dhaifu kisichofaa kukimbizwa huku na huko, na kwa hiyo waundaji waliiacha neli itulie nyuma ya mashine, wakaupeleka mwali kwenye kichwa chenye lenzi kwa vioo vitatu, viwili kati yake vikisafiri juu ya reli. Uamuzi huo ulikuwa wa busara, lakini uliifanya kila kona ya meza iwe na umbali wake kutoka kwenye neli. Kioo kikipinda nusu digrii tu, mwali hupotoka digrii nzima, na ukisafiri milimita 500 huwa umeacha njia kwa karibu milimita 9, kiasi cha kugonga ukingo wa lenzi au kuikosa kabisa.

Mashine za viwandani zilijengwa kwa fremu nzito iliyozuia upotokaji huo. Mashine za bei nafuu kutoka China, hasa aina iitwayo K40, yenye meza ya takriban milimita 300 kwa 200, zilibakiza mpangilio uleule wa vioo lakini zikaacha uzito wa fremu, na hapo kazi ya fundi wa kiwanda ikamwangukia mnunuzi. Ndipo ilipoenea desturi ya kubandika kipande cha utepe wa karatasi mbele ya kioo, kurusha mwali kwa nukta moja kichwa kikiwa karibu, kisha tena kikiwa mbali: alama mbili za kuungua zikikaa mahali pamoja, vioo vimenyooka, zikiachana, skrubu za nyuma ya kioo hurekebishwa kidogo kidogo. Meza iliyoinama huleta kasoro inayofanana, kwa kuwa hubadilisha umbali kati ya lenzi na ubao, na maji yenye joto huidhoofisha neli kadiri kazi inavyoendelea.

Kasoro ya pembe zilizoungua kupita kiasi ni tofauti, kwani husababishwa na kichwa kupunguza mwendo huku nguvu ikibaki ileile. Programu ya Grbl ya kuendesha mashine, iliyoanzishwa na Simen Svale Skogsrud mwaka 2009, baadaye iliongezewa hali ya leza inayopunguza nguvu pamoja na mwendo. Hakuna programu, hata hivyo, inayonyoosha kioo kilichopinda. Kazi hiyo bado hufanywa kwa mkono na bisibisi.