Mitaa ya GeoCities na Kisingizio cha Nafasi

Data za zamani zinapofutwa kwenye seva, sababu inayotolewa kwanza ni kwamba nafasi imekwisha. Kwa GeoCities, sababu hiyo haisimami. David Bohnett na John Rezner waliianzisha Marekani mwaka 1994, wakawapa watu wa kawaida kurasa za bure za intaneti kwa mpango wa mitaa: wapenzi wa filamu walikaa Hollywood, wa elimu na falsafa Athens, wa kompyuta SiliconValley, na kila mkazi alikuwa na namba yake kama namba ya nyumba. Enzi hizo diski zilikuwa ghali kwelikweli. Mkazi alipimiwa megabaiti chache, ndiyo maana picha zilikuwa vijipicha tu, na kilichozagaa sana ni kile cha fundi mwenye koleo, ishara kwamba ukurasa bado unajengwa. Mwaka 1999 Yahoo iliinunua kwa hisa za zaidi ya dola bilioni 3.

Muongo mmoja baadaye, Aprili 2009, Yahoo ilitangaza kuifunga, na tarehe 26 Oktoba ikaifunga. Katika miezi hiyo, Archive Team, kundi la watu wa kujitolea chini ya Jason Scott, lilikesha likinakili kurasa. Mwaka 2010 likaitoa nakala hiyo kwa umma: takriban gigabaiti 640 zikiwa zimebanwa. Si kurasa zote zilizookolewa, lakini tuangalie kipimo. Diski ya terabaiti moja ilikuwa imeingia sokoni tangu 2007. Kazi ya mikono ya umati ule wa wakazi ilienea ndani ya kifaa kinachoshikika kwa mkono mmoja.

Mtu atasema diski si gharama pekee: kuna umeme, kuna mishahara ya mafundi, na kurasa zisizo na mwangalizi huvamiwa na matapeli. Ni kweli, ila hiyo ni sababu ya kusimamisha huduma, haihalalishi kuteketeza yaliyomo. Nakala iliyowekwa kabatini haili umeme. Atasema tena kwamba wenye kurasa walikwisha kuzitelekeza. Hapo ndipo neno “isiyotumika” linapotupotosha, kwa kuwa kumbukumbu za seva huhesabu faili limefunguliwa mara ngapi, wala hazijui lina thamani gani. Hati ya shamba hulala kashani miaka 20 bila kuguswa, na siku ya kesi ndiyo inayoamua mpaka. Hoja nzito zaidi ni ya faragha, maana wapo waliotaka kurasa zao zisahaulike. Hao walistahili kusikilizwa, lakini uamuzi ulikuwa wao, na mwenye seva aliufanya kwa niaba ya wote.

Tawi la GeoCities la Japani nalo lilifungwa tarehe 31 Machi 2019, wakati diski moja ya dukani ilikwisha kufikia terabaiti 14.