Bei ya Uzee: Miti ya Miraa ya Laare

Mwaka 1819 mkemia Mjerumani Friedlieb Ferdinand Runge aliitenga kafeini kutoka kwenye buni. Mwanzoni mwa karne ya 20 Ludwig Roselius wa Bremen akaanzisha biashara ya kahawa iliyotolewa kafeini, na unga mweupe unaobaki baada ya kazi hiyo ukapata wanunuzi wake: viwanda vya dawa, vya soda, na baadaye vya vipodozi. Leo kafeini nyingi hutengenezwa viwandani bila kugusa mbuni hata mmoja. Krimu za kafeini zinazodai kuzuia uzee zina ukweli kidogo ndani yake. Kafeini hupenya ngozi, hubana mishipa midogo ya damu, na uvimbe wa chini ya macho hupungua kwa muda. Panya wa maabara waliopakwa kafeini wameonyesha kinga fulani dhidi ya madhara ya mionzi ya jua. Lakini kutoka kwenye mgongo wa panya hadi kwenye uso wa mtu wa miaka 60 safari ni ndefu, na wauzaji wameimaliza kwa tangazo. Wanachouza hasa ni imani kwamba uzee ni hitilafu ya kurekebishwa.

Kwenye milima ya Nyambene nchini Kenya kuna kichangamshi kingine ambacho biashara yake ilijengwa juu ya imani iliyo kinyume kabisa. Laare, mji wa soko wa Igembe Kaskazini, upande wa kaskazini-mashariki wa Maua, uko katikati ya mashamba ya miraa. Nguvu ya miraa haitokani na kafeini. Hutokana na kathinoni, kemikali iliyotambuliwa mwaka 1975 na maabara ya Umoja wa Mataifa, ambayo huanza kuvunjika mara tawi likatwapo. Ndiyo sababu vitita hufungwa kwa majani ya mgomba, na ndiyo sababu magari hukimbia kuelekea Nairobi kana kwamba yanafukuzwa. Tawi basi lazima liwe changa, la jana au la leo. Mti wenyewe, kinyume chake, hupanda thamani kadiri unavyozeeka. Miti inayoheshimiwa kuliko yote huitwa mbaine, kwa jina la rika la wazee wa kale wanaosemekana kuipanda, na vitita vyake hutengwa kwa wageni wa heshima na kwa sherehe. Miti michanga huja chini yake, kila mmoja kwa daraja lake.

Nadai kwamba ngazi hii ya umri ndiyo iliyowapa Waigembe udhibiti ambao majirani zao wa kahawa hawakuupata. Katika miaka ya 1930 serikali ya kikoloni iliwaruhusu Waafrika wa Meru, Embu na Kisii kulima kahawa kwa majaribio, huku walowezi wakinung'unika. Kahawa ilikuja na kanuni zake: nani apande, buni ipelekwe wapi, iuzwe kwa mnada gani. Daraja lake liliamuliwa kwa ukubwa wa punje na kwa ulimi wa mwonjaji wa Nairobi, mbali na mkulima, ambaye mara nyingi hakuinywa kahawa yenyewe. Miraa haikuletwa na ofisa yeyote. Mwenye shamba aliujua ubora wake kwa sababu aliitafuna, na alijua mti ulipandwa na babu wa nani. Hata kilo ya miraa si kilo ya mizani, ni kitita cha vitita vidogo vilivyofungwa kwa mkono, na anayekielewa ni yule aliyeko sokoni. Miti ilirithiwa kutoka kwa baba kwenda kwa mwana, na kuukata mti wa mwenzako lilikuwa kosa la kupelekwa mbele ya wazee.

Serikali ilipojaribu kuizuia miraa, ilishindwa. Katika miaka ya 1940 na 1950 utawala wa kikoloni ulipiga marufuku na kuweka vibali ili kuwazuia watu wa mipaka ya kaskazini wasiitumie. Biashara ilizidi kupanuka. Ng'ambo ya bahari, Aden nayo iliipiga marufuku mwaka 1957 na kuachana na marufuku hiyo muda mfupi baadaye.

Mtu anaweza kusema kwamba habari ya mbaine ni sifa za wauzaji tu, ndugu ya lile tangazo la krimu. Kwa kiasi fulani ni kweli, na mimi sina haja ya kudai kwamba mti mkongwe una kathinoni nyingi zaidi. Tofauti iko kwa anayeweza kukagua. Mnunuzi wa Laare anaweza kwenda shambani, akauona mti, akatafuna na kukataa. Mnunuzi wa krimu hana la kukagua ila maandishi. Pingamizi la pili ni zito zaidi: desturi ya kwamba miraa ni ya wazee ililinda starehe ya wazee, wala haikumlinda kijana kwa nia njema. Nakubali. Hata hivyo iliweka kikomo juu ya nani atafune na lini, na soko la mbali lilipoingia kikomo hicho kilivunjika. Matawi membamba hayambebi mtu mzima, hivyo wavulana ndio wanaopanda kuchuma, na kuna shule zinazowapoteza kwa sababu hiyo. Anayekesha kwa handasi, yaani msisimko wa miraa, mshahara ukiishia kwenye vitita, hasaidiwi na hadithi ya rika lolote.

Na soko la mbali halikujali umri wa mti. Uholanzi ilifunga mlango mwanzoni mwa 2013. Uingereza ikafuata Juni 2014, ingawa baraza lake la washauri wa dawa za kulevya lilikuwa limependekeza vinginevyo. Somalia ilisimamisha mizigo kuanzia Machi 2020 hadi Julai 2022. Kenya ilikuwa imeitambua miraa kisheria kuwa zao mwaka 2016, na kanuni zake zikafuata 2023, sasa kwa leseni za ofisi kama ilivyokuwa kwa kahawa.

Muguka wa Embu, aina nyingine ya miraa, unaonyesha biashara hii ikikosa ngazi ya umri. Majani yake hutafunwa yakiwa yamechumwa kutoka vichaka vifupi vya Mbeere, na yanauzwa kwa sababu ni mabichi na ni rahisi. Hakuna mti wa kuheshimiwa, hakuna kitita cha mgeni, na mnunuzi mkuu ni kijana asiye na pesa. Mei 2024 Mombasa na Kilifi ziliupiga marufuku, wakulima wakakimbilia Mahakama Kuu ya Embu, nayo ikasimamisha amri hizo. Hoja zilizosikika kwa wingi zilikuwa ushuru, riziki, afya ya vijana na mamlaka ya kaunti. Wakulima hawakuwa na hoja ya ubora ya kujitetea, maana soko lao halikuwahi kuwadai ubora.